Mwenyewe ni Nani? Tahakiki ya Maoni Wanayopeana Waimbaji wa Ridhaa Kuhusu Rekodi za Nyimbo za Kurudia

Utangulizi

Mwimbaji wa ridhaa ni yule aimbaye bila malipo na bila mkataba: mwanafunzi wa chuo, fundi cherehani, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mwanakwaya ambaye Jumapili huimba sauti ya tatu na siku nyingine hujirekodi peke yake chumbani. Aghalabu haanzi na wimbo wake mwenyewe. Huanza na wimbo uliokwisha kuimbwa na kupendwa, akaurekodi kwa simu juu ya mdundo uliotayarishwa, kisha akawapelekea waimbaji wenzake wamwambie ameimbaje. Vijana wa mijini huiita rekodi ya namna hii kava. Wapigaji wa bendi za dansi huita kopi. Katika makala haya inaitwa rekodi ya kurudia, kwa kuwa jina hilo halihukumu mapema. Neno kopi limekwisha kuamua kwamba kinachotakiwa ni nakala.

Kinachochunguzwa hapa si rekodi zenyewe bali maneno yanayorudi baada ya rekodi kusikilizwa. Maneno hayo ni uhakiki, hata kama wanaoyatoa hawajioni kuwa wahakiki. Yana vigezo, yana istilahi, yana adabu zake, na yana nguvu ya kumfanya mtu airudie kazi yake au aiache kabisa. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 chuoni Konstanz uliofungua njia ya nadharia ya upokezi, alieleza kwamba msomaji huikabili kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzisoma. Kwa rekodi ya kurudia upeo huo una sura ya pekee. Msikilizaji hana matarajio ya utanzu peke yake. Anayo masikioni sauti moja mahususi, pumzi kwa pumzi, na kila anachokisikia hukipima kwa hiyo.

Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo kinachotawala maoni haya ni kufanana na “mwenyewe”, yaani msanii ambaye wimbo unajulikana kwa jina lake. Kipimo hicho kina mahali pake. Kikiachwa peke yake, hata hivyo, huyafunika mambo ambayo sikio la Kiswahili limefunzwa kuyasikia kwa muda mrefu: matamshi, mizani, na pumzi inayokatwa mahali pake. Hasara yake huonekana kwa mwimbaji, ambaye huanza kulikaba koo lake ili lifanane na koo la mwingine, na huonekana kwa wimbo, ambao hugandishwa katika rekodi moja kana kwamba ulizaliwa studioni.

Kitenzi kisicho na yambwa

Sifa zinazotolewa kwa rekodi hizi zina umbo la kisarufi linalostahili kuangaliwa. Umeua. Umetisha. Umekamua. Umeitendea haki. Isipokuwa hiyo ya mwisho, vitenzi hivi vimeng'olewa yambwa yake. Kuua huhitaji cha kuuawa na kutisha huhitaji wa kutishwa, lakini katika sifa hizi kitenzi husimama peke yake, na kikisimama peke yake hakinyooshi kidole popote. Mwimbaji aliyerekodi beti tatu na kiitikio hajui kama aliua katika ubeti wa pili aliposhusha sauti au katika kiitikio alipoipandisha. Furaha ameipata, na furaha hiyo si ya kubezwa. Ila kesho akitaka kukifanya tena kile kilichopendwa hana pa kuanzia.

Lawama nazo zina umbo lake. Unaimbia puani. Unatoka nje. Unajikaza. Unapiga kelele. Sifa huja kwa kiambishi -me-, ambacho hueleza tendo lililotimia. Lawama huelekea kuja kwa -na-, ambacho hueleza linaloendelea au lililokuwa mazoea. Kwa hiyo kizuri husemwa kuwa kilitokea mara moja, na kibaya husemwa kuwa ndivyo mtu alivyo. Hakuna anayekusudia iwe hivyo, wala si kanuni isiyovunjwa: zipo lawama za -me- kama umeharibu na umezingua, nazo, kwa ukali wake wote, zina rehema moja kwamba zinazungumzia siku moja. “Umetoka nje katika mstari wa tatu” ni habari za rekodi. “Unatoka nje” ni habari za mtu. Ya kwanza hupeleka mwimbaji kwenye mstari wa tatu. Ya pili humpeleka kitandani.

Juu ya sarufi kuna adabu, na adabu ya Kiswahili haimruhusu mdogo kumkosoa mkubwa bila kuomba njia. Ifikiriwe, kwa mfano wa kubuni, mwanakwaya wa miaka hamsini aliyempelekea kijana wa kwaya yake rekodi ya wimbo wa dansi wa zamani. Kijana amesikia kwamba katika kiitikio mzee ameanza kabla ya ala. Jibu lake huenda likawa hivi: “Shikamoo mzee. Nimeusikiliza, umenikumbusha mbali. Samahani mzee wangu, pale kwenye kiitikio, ala zilichelewa au ni simu yangu?” Umri wa kukumbukia mbali hana, lakini hilo si neno. Kosa limetajwa, mahali pake pametajwa, na aliyekosea ameachiwa mlango wa kutokea. Msomaji wa haraka ataliita jibu hili unafiki. Likipimwa kama uhakiki, lina habari nyingi kuliko “umeua” na “unapiga kelele” zikiwekwa pamoja, kwa sababu mzee anajua sasa aisikilize tena sehemu gani.

Mkubwa anapomjibu mdogo hali hugeuka, na si kwa faida. “Mwanangu, kazana, utafika.” Kauli hii ni baraka. Ina upendo na ina uzito wa umri, lakini ndani yake hamna hata chembe ya wimbo. Kijana aliyeomba kuambiwa kama pumzi yake inatosha mwisho wa mshororo ameombewa dua badala ya kujibiwa. Tatizo la adabu, kwa hiyo, si kwamba inazuia ukweli. Kijana wa mfano wa kwanza ameusema wote. Tatizo ni kwamba mwenye mamlaka ya kusema waziwazi ndiye ambaye mara nyingi hajisumbui kusikiliza hadi mwisho.

Mwenyewe ni nani?

Kauli “hujamfikia mwenyewe” hutolewa kwa wepesi, kana kwamba mwenyewe anajulikana. Wimbo “Malaika” unatosha kuonyesha ugumu wake. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa wengi yeye ndiye mwenyewe. Utunzi wake, hata hivyo, umegombaniwa kwa miongo mingi, na miongoni mwa wanaotajwa kuwa watunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliueneza duniani, na mwaka 1965 ukawemo katika albamu yake aliyoimba pamoja na Harry Belafonte. Boney M. waliutoa mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi katika albamu yake ya mwaka 1991. Wengi wa waliouvusha mipaka Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza.

Binti wa Tanga au wa Kisumu anayeurekodi “Malaika” leo na kuambiwa kuwa hajamfikia mwenyewe ana haki ya kuuliza: yupi? Rekodi za Makeba zina utulivu na uzito wa sauti ambao vizazi vya waimbaji wa kike vimeujifunza, na kumwambia binti asikilize pale ni ushauri mwema kwa habari ya pumzi. Kwa habari ya irabu za Kiswahili si ushauri mwema hata kidogo, maana Makeba aliimba kama mgeni aliyeiheshimu lugha, naye binti huyo si mgeni. Ikiwa ataziiga hata irabu, atakuwa mzawa anayeimba Kiswahili chake kwa lafudhi ya kuazima, na wapo watakaomsifu kwa hilo hilo, kwamba “kama Makeba kabisa”. Hapa kipimo cha kufanana kimezaa kosa na kulitunukia.

Historia ya taarabu ya Unguja inatoa ushahidi wenye nguvu zaidi. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, aliacha nyimbo zilizoimbwa tena na tena baada yake. Aliyezirudia kwa umashuhuri mkubwa ni Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kutunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. “Muhogo wa Jang'ombe” ni wimbo wa Siti, lakini wengi wa wanaoujua leo wanaujua kwa koo la Bi Kidude, koo lenye mikwaruzo na moshi. Anayezisikiliza santuri za Siti na kisha rekodi za Bi Kidude hapati nakala. Mapambo ya sauti si yale, mwendo si ule, na hata namna ya kuliachia neno la mwisho ni nyingine. Kwa kipimo cha “hujamfikia mwenyewe”, Bi Kidude angeambiwa akafanye mazoezi.

Huenda mtu akapinga kwamba Bi Kidude si wa ridhaa na kwamba kigezo chake hakiwafai wanaojifunza. Pingamizi hili lina uzito. Kuiga ni mlango wa kujifunzia katika fani zote za sauti zijulikanazo Uswahilini: mtoto wa madrasa hujifunza kisomo kwa kufuatisha sauti ya mwalimu, na wanamuziki wengi wa dansi walianza kwa kupiga nyimbo za wengine hotelini hadi vidole vikakomaa. Katika hatua hiyo kufanana ni kipimo cha haki, kama mstari wa daftari ulivyo kipimo cha haki kwa anayejifunza kuandika. Kosa huingia pale kipimo cha mwanafunzi kinapotumika kwa mtu ambaye hakuja kuiga, wala hakuulizwa kama alikuja kuiga. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipoujenga wimbo wao “Salome” juu ya wimbo wa Saida Karoli, wachache walitarajia wafanane naye. Umaarufu uliwapa ruhusa ya kutofautiana. Mwimbaji wa ridhaa akifanya jambo lilo hilo huambiwa ameuharibu wimbo wa watu.

Sikio na mashine

Kabla ya kumhukumu mwimbaji, mkosoaji hana budi kujua anachokisikia ni nini. Mtu husikia sauti yake mwenyewe kwa njia mbili, hewa na mifupa ya fuvu, na mifupa huiongezea sauti uzito. Rekodi huchukua ya hewani tu. Ndiyo maana karibu kila anayejirekodi kwa mara ya kwanza huishangaa sauti yake na kuiona nyembamba, ya kitoto, si yake. Akipeleka rekodi huku ameshaichukia, maoni ya kwanza yenye doa huthibitisha chuki hiyo, na mara nyingi hakuna anayemweleza kwamba wenzake wamekuwa wakiisikia sauti hiyo hiyo miaka yote bila kushtuka.

Simu nayo ina mkono wake. Kipaza sauti cha simu na programu zake zimekusudiwa kwanza mazungumzo: huinua kilicho kidogo, hubana kilicho kikubwa, na pengine hufuta kinachodhaniwa kuwa kelele za nyuma. Mwimbaji aliyeshusha sauti kwa makusudi mwisho wa ubeti hukuta kushuka kwake kumesawazishwa. Irabu aliyoivuta ikififia hukatwa kama kelele. Kisha huambiwa hana hisia, kwa sababu sauti yake haipandi wala haishuki. Sehemu ya shutuma hiyo ni ya mashine. Jambo la kufanya hapa ni dogo: kuiweka simu umbali wa dhiraa moja, kuimba katika chumba chenye nguo na magodoro badala ya bafuni, na kuusikia mdundo kwa visikizi ili usiingie katika rekodi. Maoni yanayosema hivyo hayana fahari yoyote, lakini yameokoa rekodi nyingi.

Ufunguo, au kii kama wasemavyo wapigaji bendi, ni chanzo kingine cha lawama zisizo za haki. Wimbo uliotungwa kwa koo la mwanamume wa sauti ya juu humwacha mwanamke wa sauti nzito mahali pabaya: akiimba palepale alipoimba yeye, kiitikio humbana, akishuka oktavu nzima, ubeti hupotelea chini. Anayesikiliza atasema “unajikaza”, na kweli anajikaza. Hata hivyo, kosa halimo kooni bali katika mdundo, ambao ungeweza kuhamishwa nusutoni mbili au tatu kwa dakika chache. Kumwambia mtu ajikaze kidogo zaidi ili afike ni kumwambia aumie.

Lililo zito kuliko yote ni suala la ngazi ya sauti. Mfumo wa Kizungu wa leo huigawa oktavu katika nusutoni kumi na mbili, kila moja senti 100. Taarabu ya asili, iliyopokea mengi kutoka Misri, inazijua pia maqamu kama Rast na Bayati, ambazo baadhi ya sauti zake hukaa kati ya vipande hivyo: sauti ya tatu ya Rast huangukia karibu na senti 350, baina ya tatu ndogo ya 300 na tatu kubwa ya 400. Udi, fidla na nai huweza kuzipiga. Kinanda cha kawaida hakiwezi. Programu za kusahihisha kidatu, ambazo Auto-Tune ya mwaka 1997 ndiyo iliyozifanya zijulikane, kwa mpangilio wake wa kawaida huisukuma kila sauti kwenye nusutoni iliyo karibu. Kijana wa Unguja aliyelelewa na taarabu akiimba sauti hiyo ya tatu kama alivyoisikia kwa bibi yake, programu humwonyesha mstari mwekundu, na mwenzake aliyezoea muziki wa kizazi kipya humwambia kuwa ameteremka. Naye akiamini atajirekebisha hadi aipoteze. Makosa ya namna hii hayafutwi kwa kuomba radhi, kwa kuwa hakuna anayejua kuwa yametendeka: mkosoaji ameridhika, programu imeridhika, mwimbaji ameshukuru, na sauti iliyochukua vizazi kufika hapo imetoweka katika kinywa kimoja.

Neno mdomoni

Kama kufanana na sauti ya mwenyewe kungeondolewa mezani, kingebaki nini cha kusikiliza? Kingebaki Kiswahili. Ajabu ni kwamba wazungumzaji wa lugha hii, ambao sokoni humtambua mgeni kwa silabi moja, wakisikiliza rekodi hulisahau sikio hilo.

Katika Kiswahili m ya mtoto ni silabi kamili, nayo katika hesabu ya mizani hupewa haki yake: m-to-to ni mizani tatu. M ya mwana haina haki hiyo, kwa maana mwa- ni silabi moja. Mwimbaji anayeipachika m ya mpenzi juu ya noti ya pe- amekula mizani moja, na mshororo wa shairi uliopimwa kumi na sita umebaki na kumi na tano. Ili kuijaza nafasi huvuta irabu isiyohitaji kuvutwa, au hupenyeza “yeah” ambayo mtunzi hakuiweka. Msikilizaji husikia kwamba kuna kitu kimelegea, na kwa kukosa jina la kitu hicho husema “hujaingia kwenye biti”. Ushauri wa kurudi kwenye biti hautamsaidia. Ushauri wa kuipa m noti yake utamaliza kazi kwa jaribio moja. Kaluta Amri Abedi aliiandika elimu ya mizani katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na mjadala mkali wa miaka ya 1970 kuhusu ushairi huru uliifanya ijulikane kwa kila mwanafunzi wa fasihi. Ni elimu iliyo shuleni. Haijatolewa darasani ikapelekwa kwenye simu.

Mkazo nao husahauliwa. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi yanayoupeleka kwingine hayafanyi dhambi, kwani kuimba ni pamoja na kuvunja usemaji wa kawaida. Lakini yapo maneno ambayo mkazo ndio maana yake. Barabara yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Yenye mkazo kwenye silabi ya pili ni sawasawa, hasa. Mwimbaji akiyachanganya, mapenzi yaliyokuwa ya barabara huishia kwenye lami. Sauti ya ng' ina hatari yake pia. Jang'ombe ni mtaa wa Unguja, na anayeimba “Jangombe” kwa ng ya ngoma amewahamisha wenyeji wake wote. Katika kosa hili mkosoaji asiyejua hata jina la noti moja, ila aliyezaliwa Ng'ambo ya mji, ni bora kuliko mwalimu wa muziki aliyetoka mbali, na inafaa aambiwe kwamba sikio lake ni elimu.

Zaidi ya hayo kuna irabu zinazozungushwa kwa mtindo wa nyimbo za Marekani: e ya mwisho ya neno ikawa ei, o ikawa ou. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa uharibifu, na wapo wanaoliona kuwa lafudhi halali ya kizazi. Makala haya yanaelekea upande wa kwanza kwa sababu moja tu, kwamba Kiswahili kina irabu tano safi na mwimbaji aliyezaliwa nazo amepewa bure kile ambacho walimu wa uimbaji hukihangaikia.

Shule tatu za kukosoa

Waimbaji wa ridhaa hawakulazimika kubuni namna ya kukosoana kutoka hewani. Walizungukwa na shule tatu, na kila moja ilijua jambo ambalo nyingine hazikulijua.

Ya kwanza ni kwaya. Wamisionari walikuja na maandishi ya do-re-mi yaliyoenezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, na hadi leo walimu wengi wa kwaya husoma na kuandika kwa herufi hizo. Mwalimu wa kwaya hakosoi mtu, hukosoa sauti. “Besi mnashuka.” “Alto, pumzi kabla ya neno la pili.” Hata anapojua wazi ni nani anayeshuka, hulitupa kosa juu ya kundi zima, na mwenye kosa hujisahihisha bila kutazamwa. Anatoa pia jina la kosa na mahali pake, kisha anaamuru sehemu hiyo irudiwe papo hapo. Mwimbaji anapojirekodi peke yake chumbani hupoteza ngao hii yote: hakuna besi wengine wa kujificha nyuma yao.

Ya pili ni taarabu, na hapo maoni si maneno. Msikilizaji aliyeguswa huinuka, akasogea kwa mwendo wa kucheza hadi mbele ya mwimbaji, akamtunza. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni Tanzania, ameonyesha kwamba kutunza ni kauli: anayetoa pesa huuchagua mshororo, na kwa kuuchagua humsema mtu, hujitetea, au hutangaza analolijua. Noti ya fedha hunyooshea kidole mahali hasa. Kitenzi “umeua” kimekosa kile ambacho shangazi wa taarabu hukifanya bila kufungua kinywa, yaani kuinuka katika mshororo mmoja na si katika mwingine. Upungufu wa shule hii ni kwamba husifu tu. Asiyependa hukaa kitako, na kukaa kitako hakufundishi.

Ya tatu ni ushairi wa kujibizana, ambao Muyaka wa Mombasa aliutumia kwa ufundi katika karne ya 19 na ambao magazeti, Mambo Leo la mwaka 1923 likiwemo, yaliuhifadhi katika kurasa zao za mashairi. Huko kosa la mizani au la hoja hujibiwa kwa shairi. Anayekosoa hulazimika kujitia katika hatari ileile aliyomo anayekosolewa: akimlaumu mwenzake kwa vina, vina vyake vitahesabiwa. Miongoni mwa waimbaji wa ridhaa jambo hili hutokea pale mkosoaji anapoacha kueleza na badala yake kuuimba mshororo wenye tatizo, akaurudisha: “Jaribu hivi, dada.” Sekunde kumi za sauti yake hubeba pumzi, mkazo na kidatu kwa pamoja, na pia humpa dada nafasi ya kusikia kwamba mkosoaji naye ana mipaka. Mashindano ya kusaka vipaji ya televisheni, yaliyoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 2000, yaliwazoeza watazamaji kwa mkosoaji wa namna nyingine, aliyeketi, asiyeimba, ambaye ukali wake ni sehemu ya burudani. Lugha nyingi kali wanayotumia vijana katika kukosoana inaelekea kuazimwa hapo. Jaji wa televisheni ana dakika moja na mamilioni ya kuburudisha. Anayemsikiliza rafiki yake hana haraka hiyo wala hadhira hiyo, hivyo ukali aliouazima hauna kazi.

Mwenye rekodi naye ana deni. Anayepeleka wimbo na swali “mnaonaje?” ameomba kila kitu, na mwenye kuomba kila kitu hupewa “umeua”. Akisema kwamba anajifunza mapambo ya Bi Kidude na anataka kujua kama yamekaa, kufanana kunakuwa kipimo halali na mkosoaji anajua pa kusikiliza. Akisema kwamba ameuhamisha wimbo kutoka mwendo wa dansi kwenda wa taratibu, swali la kufanana linaanguka, na linabaki lile la maneno: je, katika mwendo huo mpya yanasikika, na pumzi inakatwa mahali ambapo maana inaruhusu? Maswali mawili, vipimo viwili.

Kinachokosekana mara nyingi kuliko vyote ni rekodi ya pili. Maoni hutolewa, shukrani hurudi, kisha mwimbaji huhamia wimbo mwingine, na wa kwanza hubaki na makosa yake yaleyale yaliyokwisha kutajwa. Mkosoaji aliyeutaja mshororo wa tatu na m iliyomezwa anastahili kuletewa wimbo uleule ukiwa umerudiwa juma linalofuata. Bila hiyo hana njia ya kujua kama alichokisikia kilikuwa kosa la mwimbaji, au la simu, au la sikio lake mwenyewe.